Mgeni siku ya tatu: Jumamosi moja katika uwanja wa nyasi wa Leicester

Jiji la Leicester liko katikati ya Uingereza, mwendo wa saa moja na dakika kadhaa kwa treni kutoka kituo cha St Pancras cha London. Msafiri atokaye pwani yetu, akishuka hapo na kuelekea mitaa ya Highfields na Spinney Hill, hukuta mambo asiyoyatarajia. Huona kanzu na kofia, akina mama waliojisitiri kwa mabuibui wakiwaongoza watoto kwenda madrasa, na maduka yanayouza iliki, binzari na muhogo.

Hayo hayakutokea kwa nasibu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini, baraza la jiji hili lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaasa wasije Leicester, kwa hoja kwamba nyumba, shule na huduma nyinginezo zilikuwa zimekwisha kuelemewa. Wengi walikuja vivyo hivyo. Kabla yao na baada yao walikuja wengine kutoka Kenya, Tanzania na Malawi. Ndiyo maana hadi leo mgeni anaweza kusimama mbele ya duka la viungo katika jiji hili la baridi akaamkiwa kwa Kiswahili na mzee ambaye hajaiona Afrika kwa miaka hamsini.

Nilifika huko mwishoni mwa mwezi wa Septemba kwa ajili ya akika ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kwa siku mbili nilikuwa mgeni kwa maana kamili ya neno hilo: nililetewa maji ya kunawa, nikazuiwa kugusa hata kikombe. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Tulipotoka katika swala ya alfajiri, shemeji alinishika mkono akanipeleka kwa mzee mmoja mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na viatu vilivyoganda udongo.

"Huyu ndiye Mzee wa Nyasi," shemeji akasema. "Mzee, huyu ni shemeji yangu. Ametoka Tanga, ni katibu wa msikiti."

"Tanga!" mzee akasema, akiendelea kuushika mkono wangu. "Mimi mtoto wa Jinja. Kiswahili changu kimevunjika, lakini bado kinatembea. Umefika lini?"

Nilimwambia kwamba hiyo ilikuwa siku yangu ya tatu.

"Basi kwenu mnasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, nina reki. Saa mbili nitapita kukuchukua."

Nilidhani anatania. Saa mbili kamili za asubuhi alikuwa mlangoni.

Uwanja na mchezo wake

Nilidhani ninapelekwa kwenye bustani yake. Alinipeleka kwenye kona ya bustani ya umma, nyuma ya ua wa miti iliyokatwa kwa usawa, ambako kulikuwa na uwanja wa mraba ambao mfano wake sikuwa nimeuona. Kila upande ulikuwa na urefu wa hatua arobaini hivi, umezungukwa na mfereji mwembamba, na nje ya mfereji kuna tuta la nyasi na mabao ya kukalia. Pembeni kulikuwa na jengo dogo la mbao lenye baraza, na nyuma yake banda la mashine. Hiyo ndiyo klabu ya bolingi ya nyasi aliyoitumikia mzee huyu kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Kijitufe cheupe huviringishwa hadi upande wa pili wa uwanja, kisha wachezaji huviringisha matufe makubwa zaidi, kila mmoja akitaka tufe lake lisimame karibu na kile kijitufe kuliko la mwenzake. Jambo hilo laonekana jepesi, lakini tufe si duara kamili. Upande wake mmoja umechongwa kwa makusudi ili lisiende moja kwa moja, na kadiri mwendo wake unavyopungua ndivyo linavyozidi kupinda. Anayetaka kufika pale hana budi kulielekeza mbali na pale. Zamani matufe yalichongwa kutokana na mti mgumu mno uitwao lignum vitae, na siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu.

Ni mchezo mkongwe. Uwanja wa kale wa mji wa bandari wa Southampton unahesabiwa kuwepo tangu mwaka 1299, nao hutajwa kuwa mkongwe kuliko vyote duniani ambavyo bado vinachezewa. Wafalme waliupenda, lakini hawakutaka watu wao waupende. Sheria ya mwaka 1541, zama za Mfalme Henry wa Nane, iliwakataza mafundi, vibarua na watumishi kuucheza isipokuwa siku za Krismasi, tena katika nyumba za mabwana zao. Marufuku hiyo ilibakia katika vitabu vya sheria hadi mwaka 1845. Miaka michache baadaye, mwanasheria wa Glasgow aitwaye William Mitchell akaziandika kanuni zilizokuwa msingi wa mchezo wa leo. Chama cha Uskoti kikaundwa mwaka 1892, na cha Uingereza mwaka 1903, rais wake wa kwanza akiwa W. G. Grace, yule mchezaji mashuhuri wa kriketi. Vyama vya wanaume na vya wanawake wa Uingereza viliungana mwaka 2008. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Birmingham mwaka 2022, mashindano ya bolingi yalipelekwa katika mji wa Leamington Spa, usio mbali na Leicester.

Mzee aliyanieleza hayo kwa ufupi, akiwa ameinama akifunga kamba za viatu vyenye soli bapa. Akanipa na mimi jozi iliyokuwa bandani. "Humu haingii kisigino," alisema. "Mfalme akija na kisigino, atavua."

Kazi isiyoonekana

Siku nilipofika msimu ulikuwa umekwisha. Kule huchezwa kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Septemba, kisha uwanja hufungwa ili upumzike. Nilidhani kufungwa ni kuweka kufuli na kwenda nyumbani. Mzee akanifahamisha kwamba mchezo ndio unaofungwa, ama kazi haifungwi.

Wakati wa kiangazi, nyasi hukatwa mara mbili au tatu kwa wiki, hadi zibakie kimo cha milimita tano hivi, yaani chini ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mashine inayotumika si ile ya kuzungusha kisu kimoja tuliyoizoea. Ni ya silinda yenye visu vingi vinavyopita juu ya ubapa wa chuma, kama mkasi. Asili yake ni mwaka 1830, pale fundi Edwin Budding wa maeneo ya Stroud alipoitazama mashine ya viwanda vya nguo ya kunyoa manyoya ya kitambaa, akawaza kwamba ardhi nayo inaweza kunyolewa. Kabla ya hapo watu walitumia fyekeo na kondoo.

Kila asubuhi yenye umande, mtu mmoja hupita na ufito mrefu akiupepeta umande usikae juu ya majani, kwa kuwa unyevu ukidumu huzaa kuvu, na kuvu huacha mabaka ya rangi ya kutu yanayoweza kuua sehemu kubwa ya uwanja. Vinyesi vya minyoo hufagiwa kabla mashine haijavikanyaga na kuvigeuza matope. Njia za kuchezea, sita kwa kawaida, hutengwa kwa uzi, na nyuzi hizo husogezwa mara kwa mara, na hata mwelekeo wa mchezo hubadilishwa, leo kaskazini kwa kusini, kesho mashariki kwa magharibi, ili miguu ya watu isiwe ikikanyaga mahali pale pale siku zote.

Ikifika vuli huja kazi kubwa kuliko zote. Chini ya nyasi hujikusanya utando wa mizizi na majani yaliyokufa, kama sifongo. Ukiachwa, maji hayapenyi, uwanja hulainika, na kuvumwani hustawi. Basi utando huo hukwanguliwa kwa mashine mpaka uwanja uonekane kama umechanwa na kucha za mnyama. Kisha hutobolewa kwa maelfu ya matundu ili hewa iingie. Baada ya hapo hutiwa mbegu, na juu ya mbegu hutandazwa mchanga uliochanganywa na udongo.

"Mtu asiyejua akipita leo," alisema mzee, "atasema hawa wazee wameuharibu uwanja wao."

Nami ndivyo nilivyokuwa nikisema moyoni.

Zamani kazi hizi zilifanywa na wafanyakazi wa baraza la jiji, wenye mishahara na gari la zana. Halmashauri nyingi za Uingereza zimepungukiwa fedha katika miaka ya karibuni, na katika miji mingi zimewaambia wanachama wa klabu ndogo maneno yanayofanana: ama mtaitunza ardhi hii wenyewe kwa mkataba, ama itarudi kuwa sehemu ya kawaida ya bustani. Uwanja wa namna hii ukiachwa kipindi kimoja tu cha kiangazi bila kukatwa, kuurudisha katika hali yake ni kazi ya miaka. Klabu ya mzee iliuchagua mkataba.

Siku ya mchanga

Asubuhi ile tulikuwa watu tisa, mimi nikiwamo. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Mwingereza wa makamo ya uzeeni, dereva wa basi mstaafu. Alikuwepo mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi, mtu na mkewe waliokuja na reki zao wenyewe, wazee wengine wawili, na kijana wa miaka kumi na saba hivi, mtoto wa wazazi wa Kisomali, aliyekuwa akiangalia simu yake kila baada ya dakika mbili. Mzee aliwahesabu kwa macho, kisha akatazama mbingu. Utabiri ulisema mvua itanyesha alasiri. Mchanga ukinyeshewa kabla haujasukumiwa ndani ya matundu hugeuka mabonge, na kazi yote huharibika.

Mkokwa wa mchanga ulikuwa umeshushwa getini siku iliyotangulia: mifuko mia moja na ishirini, kila mmoja kilo 25, jumla tani tatu. Toroli yalikuwa mawili.

Nitakiri kwamba kwa mara ya kwanza katika muda mrefu nilifanya kazi ya mikono yangu hadi fulana ikalowa. Vikao vya kamati, msomaji, havitoi jasho la namna hii. Watu wawili walibeba mifuko kwenye toroli, wawili wakaimwaga juu ya mbao zilizotandikwa ili magurudumu yasiache alama, na sisi wengine tukatandaza. Baada yetu akapita mzee akiburuta ubao mrefu wenye mpini, kwenda na kurudi, akiusukumia mchanga ndani ya matundu mpaka vichwa vya nyasi vikachomoza tena.

Alinipa mimi kona ya kusini-mashariki. "Nyembamba," aliniambia. "Kama unavyotia chumvi, si kama unavyotia sukari." Lakini mtu wa Tanga, chai yake ni sukari. Nilimwaga kwa ukarimu. Alipofika kwangu na ubao wake alisimama, akatazama kona ile, akatikisa kichwa, akapunguza alichoweza kupunguza kwa mgongo wa reki. Hakunilaumu. Alisema tu, "Tutaona Aprili."

Kijana wa Kisomali alikuwa upande wangu. Nilimuuliza kwa Kiingereza kilichomfikisha kwenye kazi hii. Alijibu bila kuficha kwamba yumo katika mpango wa tuzo ya Duke of Edinburgh, ambao huwataka vijana wajitolee kwa miezi kadhaa, na kwamba mzee ndiye anayetia saini karatasi yake. Bado saini tatu, kisha basi.

Nilimhamishia mzee habari hiyo kwa Kiswahili, nikiwa na sauti ya mtu aliyepita chuo cha dini, nikasema kwamba amali ni kwa nia.

"Kweli," akasema. "Lakini mimi unajua nilikuja kwa nia gani? Daktari aliniambia goti langu linataka kutembea. Nikatafuta mahali tambarare pa kutembea. Nikapata hapa."

Kaunta na birika

Nina jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili wataniuliza, kwa hiyo ni vyema niliseme. Ndani ya jengo la klabu, kama ilivyo katika klabu nyingi za namna hii, mna kaunta ya vileo. Nilipoiona kupitia dirishani nilisita. Nilimuuliza mzee, kwa adabu, anaishije na jambo hilo.

Hakukasirika. Alisema kwamba alipojiunga aliwaambia wenzake siku ile ile ya kwanza: mkono wangu mtaupata kwenye majani, hamtaupata kwenye kaunta. Hashiki ufunguo wake, hahesabu fedha zake, haketi kwenye meza yake, na wenzake wameheshimu hilo. Siku za kazi kaunta hufungwa na birika huwashwa, na chai hunywewa nje barazani. Kuna Waislamu wa mtaani wasioridhika na msimamo wake, wakiona afadhali angekaa mbali kabisa, naye anajua. "Wamenishauri, nimesikiliza," alisema. "Nimemuuliza na shekhe wangu. Mimi nalima tu." Simwandikii fatwa mtu yeyote. Naeleza nilichokiona.

Wakati wa chai ndipo mwenyekiti alipotoa karatasi mfukoni. Mzee alikuwa akininong'onezea tafsiri. Mkataba na baraza ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Ili uongezwe, klabu ilitakiwa kuwa na bima, hesabu zilizokaguliwa, na majina ya watu watatu watakaowajibika kwa ardhi. Bima ilikuwapo, na hesabu zilikuwapo pia. Ama majina, waliowajibika mkataba uliopita walikuwa wanne. Mmoja alifariki majira ya baridi, na mwingine alihamia kwa bintiye mji wa mbali baada ya kupata kiharusi. Waliobakia ni mwenyekiti na Mzee wa Nyasi. Lilihitajika jina moja.

Hakuna aliyesema kitu. Mtu na mkewe walitazamana. Mmoja wa wazee alisema ana miaka themanini na moja, naye anaona aibu kuandika jina lake kwenye mkataba wa miaka mitano. Watu wakacheka kidogo, kisha kimya kikarudi. Nami nilikijua kimya kile. Ni kimya cha mkutano wa baada ya swala ya Ijumaa pale mwenyekiti anaposema, tunahitaji mtu wa kusimamia jambo fulani. Kila mtu huanza kuitazama saa.

Yule mama muuguzi aliweka kikombe chini. Alisema anaweza kutia jina lake, lakini hajawahi kuiendesha ile mashine ya silinda, na hataki kuwajibika kwa kitu asichokijua. Mtu akimfundisha kuanzia Aprili, na akaambiwa ukweli kama anaweza au hawezi, atatia saini.

"Nitamfundisha," akasema mzee. Baadaye akaniambia kwa Kiswahili, "Goti langu limebakiwa na misimu miwili. Labda mitatu, inshallah. Nilikuwa nasubiri mtu aniombe."

Saa saba ilikuwa imepita. Mzee, mimi na yule kijana tulichukua udhu kwenye bomba lililo nyuma ya banda, tukatandika turubai juu ya tuta. Mwenyekiti alipotuona alimpungia mkono mtu aliyekuwa akiwasha mashine ya kupulizia majani, naye akaizima hadi tulipotoa salamu. Hakuna aliyelisema jambo hilo, wala sisi hatukulisema.

Mfuko wa mwisho ulimwagwa saa tisa na robo. Mvua ilianza saa kumi kasoro dakika chache. Tulisimama barazani tukaitazama ikiingia ardhini. Mzee alisimama peke yake ukingoni, mikono nyuma.

Nikamwuliza jambo lililokuwa likinizunguka tangu asubuhi: jiji hili lilitoa tangazo kuwaambia msije. Hukuwahi kuona uchungu, kulitunzia nyasi zake?

Alifikiri kwa muda. "Baba yangu aliona uchungu," alisema. "Alilikata lile tangazo, akaliweka ndani ya msahafu wa safari, mpaka alipokufa. Mimi nilikuwa mtoto. Mimi nimezika baba hapa, nimezika mama hapa. Sasa wewe niambie, nyasi za nani hizi?"

Yale ya nyumbani

Nilirudi Tanga na malengelenge mawili katika kiganja na jambo lililokuwa likinisumbua.

Msikiti wetu una eneo la makaburi. Lilikuwa na mtu wa kulifyeka kwa malipo, lakini michango ilipopungua malipo yakakoma, naye akaenda zake kwa haki. Tangu hapo kamati ilikutana mara mbili juu ya suala hilo. Muhtasari wa vikao vyote viwili niliuandika mimi kwa mkono wangu, na mara zote mbili azimio lilikuwa moja: atafutwe mfadhili. Wakati wa masika tulipomzika bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu, waliobeba jeneza walilazimika kusimama njiani huku vijana wakifyeka mbele yao kwa mapanga ili ipatikane njia. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameshika upande wa mbele. Hakuniambia neno, lakini alinitazama, kwa kuwa anajua ni nani mwenye daftari.

Wapokezi wa hadithi wametufikishia habari ya mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kama kwamba waliona jambo lake ni dogo. Alipomkosa aliuliza habari zake, akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Nimeifundisha habari hiyo mara nyingi darasani. Sikuwahi kuisoma nikiwa na malengelenge mkononi.

Katika kikao cha kwanza baada ya safari sikuomba azimio. Nilisema tu kwamba Jumamosi ijayo, baada ya swala ya alfajiri, mimi nitakuwa makaburini na panga na reki hadi saa tatu, na kwamba nimenunua reki mbili za ziada. Jumamosi ile tulikuwa watu kumi na mmoja, na mama mmoja akaleta uji na maandazi. Jumamosi ya pili tukawa saba. Ya nne tukawa wanne, na wanne ndio tuliobakia hadi leo ninapoandika. Wanne si wengi, lakini njia ya kati imefunguka, na safu tatu za upande wa barabara zinasomeka majina. Tumejifunza kitu kutoka kwenye zile nyuzi za Leicester: hatufyeki mahali pamoja mpaka tuchoke, tunagawa eneo vipande sita na kuhama kila wiki, ili asiyekuja wiki hii ajue wiki ijayo tutamkuta wapi. Na kwenye daftari, karibu na orodha ya waliochangia fedha, sasa ninaandika na waliochangia asubuhi zao.

Mwezi wa Aprili, shemeji alinitumia picha kwenye simu. Uwanja ulikuwa wa kijani, umenyolewa, umenyooka kama mkeka mpya. Katikati alikuwa yule mama muuguzi nyuma ya mashine ya silinda, uso umekunjamana kwa kujitahidi, na mzee akitembea kando yake kwa mkongojo. Nyuma yao, juu ya tuta, alikuwa amekaa yule kijana wa Kisomali. Nikamuuliza shemeji: si alikuwa amebakiza saini tatu tu?

"Alizipata Novemba," shemeji akajibu.

Kisha ikaja picha ya pili, iliyopigwa na mzee mwenyewe, ya kona ya kusini-mashariki. Palikuwa na baka lisilo na nyasi, ukubwa wa sinia la pilau, la mchanga mtupu. Chini yake mzee alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha Jinja: "Kona ya Tanga bado ina upara. Septemba uje utengeneze."

Nimeanza kuweka akiba ya nauli. Wabillahi tawfiq.